Je, Kufinyanga na Kuchora ni Masomo?

Wako wenzetu hapa shuleni, na wako wazazi pia, wasemao kwamba mtoto wa darasa la kwanza akipewa udongo afinyange, au ukindu asuke, au karatasi achore, basi siku hiyo hakusoma. Neno hili lilisemwa kwa sauti kubwa muhula uliopita, baada ya shule moja ya msingi iliyo jirani nasi kuamua kwamba watoto wa darasa la kwanza, la pili na la tatu watumie saa za mchana kwa kazi za sanaa: kufinyanga, kusuka, kuchora, kuimba na kuigiza. Mzazi mmoja alisimama mkutanoni akauliza, "Mwanangu nimemleta asome, au nimemleta acheze matope?" Watu wakacheka, wakampigia makofi. Usiku ule ule maneno hayo yalifika bwenini kwetu, nako yakapata wafuasi wengi, hasa miongoni mwa wale wajionao kuwa wanasayansi.

Mimi sikubaliani nao, nami naomba nafasi katika gazeti letu hili nieleze kwa nini. Sisemi kwa kusikia tu. Baadhi yetu wa kidato cha nne tulipewa ruhusa kwenda katika shule hiyo kila Ijumaa mchana kuwasaidia waalimu, kwa kuwa watoto ni wengi na mwalimu wa darasa ni mmoja.

Nianze na hayo matope. Ijumaa ya kwanza watoto walifinyanga vyungu vidogo, wakavianika juani uwanjani. Baada ya muda vingi vilikuwa vimepasuka. Nilidhani mwalimu atavitupa, awape udongo mwingine, lakini hakufanya hivyo. Alivipanga vyote mezani, vizima upande mmoja na vilivyopasuka upande wa pili, akawauliza watoto, "Hivi vimepatwa na nini?" Wakajibu mengi. Mmoja alisema jua lina hasira. Mwingine alisema udongo ulikuwa mbaya. Kisha mtoto mmoja akakivunja chungu chake kabisa, akatazama ndani, akasema, "Nje kimekauka, ndani bado kibichi."

Wenzangu wa sayansi watazame hapo. Udongo ukikauka hunywea. Upande wa nje ukikauka upesi hunywea kabla ya upande wa ndani, nao haupati nafasi ya kunywea, kwa hiyo hupasuka. Sisi mambo ya kutanuka na kunywea tuliandikiwa ubaoni, tukayaiga katika madaftari, tukayajibu katika mtihani, na sidhani kama katika darasa letu wapo watano waliowahi kuyaona. Mtoto wa miaka saba aliyaona mkononi mwake, tena aliyaona kwa sababu kazi yake iliharibika na hakuna aliyeiondoa mbele yake.

Siku hiyo hiyo msichana mmoja mdogo alisema kwamba bibi yake haaniki vyungu juani, bali huviweka kivulini na kuvifunika nguo, na kwamba udongo wake huuchanganya na mchanga kwanza. Mwalimu akamwambia, "Basi Ijumaa ijayo wewe ndiwe utakayetuonyesha." Akatuonyesha. Mtoto huyo katika kuhesabu ni wa nyuma, na jina lake aghalabu hutajwa anapokosolewa. Siku ile alitajwa kwa kuwa alijua jambo ambalo mwalimu hakulijua, wala sisi wa kidato cha nne hatukulijua. Vyungu vya Ijumaa ya pili vilivyopasuka vilikuwa vitatu tu. Twasema kila mara kwamba elimu ya nyumbani na elimu ya shuleni zikutane. Mwalimu Nyerere aliliandika jambo hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, akalalamika kwamba shule zinamtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Hapa yalikutana bila hotuba yoyote, juu ya meza iliyojaa matope.

Katika kusuka ukili jambo linalofundishwa ni jingine. Chane hupita moja juu, moja chini, au mbili juu, mbili chini, na mtoto asiyehesabu hawezi kuendelea. Lakini hesabu siyo iliyonivutia zaidi. Kosa la kusuka halionekani pale linapofanyika. Huonekana baadaye, ukili unapoanza kupinda, na wakati huo mtoto amekwisha kwenda mbele kwa urefu wa kiganja. Afanye nini? Akiendelea, mkeka utakuwa mbovu. Akitaka kusahihisha, itambidi afumue kazi njema aliyoifanya juu ya kosa. Nimewaona watoto wakilia katika shauri hilo. Nimewaona pia wakifumua wenyewe, polepole, bila kuambiwa. Mtu anionyeshe ni sura gani ya kitabu cha darasa la pili imfundishayo mtoto kuamua jambo kama hilo.

(Wavulana wawili walikataa kusuka, wakasema ni kazi ya wanawake. Wavuvi wa pwani husuka madema yao kwa mikono yao, nao ni wanaume. Mwalimu aliwaambia hivyo, nao wakasuka, ingawa vibaya.)

Juu ya kuimba na kuigiza sitasema mengi, kwa sababu sikuona mengi. Waliimba nyimbo zile zile ziimbwazo kila sherehe, na maigizo yalikuwa makelele matupu, kila mtoto akitaka kuwa askari. Huenda jambo zuri lilikuwamo ambalo sikulitambua.

Sasa kuchora. Rangi za dukani ni ghali, na shule ile haikuwa na fedha za kuzinunua, kwa hiyo watoto walitengeneza zao: nyekundu kwa udongo mwekundu, nyeusi kwa mkaa uliosagwa, nyeupe kwa chokaa. Anayecheka na aende Kolo, katika wilaya ya Kondoa, akatazame michoro ya kale iliyo majabalini. Ile myekundu ilichorwa kwa rangi ya udongo wenye kutu ya chuma, na imekaa juu ya mwamba kwa vizazi visivyohesabika. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Waliochora hawakuwa na duka la kununulia rangi. Hata Edward Said Tingatinga, alipoanza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa amesoma chuo chochote cha uchoraji. Alitumia vipande vya mbao laini za kujengea na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, nao umewapa riziki watu wengi ambao hawakupata kumwona. Sidai kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atakuwa Tingatinga. Nataja tu kwamba uhaba wa vifaa, ambao ndio udhuru wetu wa kwanza siku zote, si udhuru mkubwa kama tunavyoufanya.

Hata hivyo si kila kinachoitwa sanaa shuleni chafaa, na hapa ndipo penye ugomvi wangu wa kweli.

Katika shule nyingine, ambayo sitaitaja, niliona somo la kuchora likifundishwa hivi: mwalimu anachora chungu ubaoni, watoto wote wanachora chungu kile kile, na mwenye chungu kisichofanana na cha mwalimu anapata alama ya mkasi. Mvulana mmoja alichora chungu chenye mdomo uliovunjika upande mmoja. Alipoulizwa, alisema ndicho chungu cha kwao. Akapewa mkasi. Wiki iliyofuata alikwisha kujifunza: alichora cha ubaoni, kizima, safi, akapata vema. Mimi nauliza, alijifunza nini? Alijifunza kwamba macho yake yana makosa, na kwamba shuleni mtu huandika kile kinachotakiwa, si kile alichokiona. Akifika sekondari ataingia maabara, atapima, apate jibu lisilo la kitabuni, naye atalifuta aandike la kitabuni. Wenzangu wanajua kwamba jambo hilo hutendeka.

Lipo na la mifagio. Katika shule kadha wa kadha kazi ya mikono maana yake ni kwamba kila mtoto alete fagio au mkeka siku fulani, apewe alama. Mama huenda sokoni akanunua. Mtoto mwenye mama mwenye fedha hupata alama nzuri, na mtoto ambaye kweli ameketi na njiti zake akafunga fagio lililopinda hupata alama mbaya. Si kwetu tu. Nchini Kenya, tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika mwaka 2019, wazazi wamelalamika hadharani kwamba usiku wao ndio wafanyao kazi za mikono za watoto wao. Palipo na kazi ya kuonyeshwa kuliko ya kufanywa, mtu mzima ataifanya, kwa kuwa yeye huifanya vizuri zaidi.

Kwa hiyo nawaelewa wazazi wanaonung'unika, kwa sababu wengi wao walichokiona katika jina la sanaa ni hicho. Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, umeitambua sanaa na michezo katika shule ya msingi kuwa somo, lakini mtaala ni karatasi. Unaweza kufundishwa kwa vyungu vilivyopasuka mezani, na unaweza kufundishwa kwa chungu cha ubaoni.

Liko shauri moja la wapinzani ambalo ni la haki, nalo ni kwamba mtoto wa darasa la pili asiyejua kusoma hana saa za kupoteza. Ni kweli. Mimi nisingependa hata kidogo saa za kusoma za asubuhi ziguswe, na katika shule ninayoieleza hazikuguswa. Zaidi ya hayo, kila mtoto aliandika chini ya kazi yake maneno mawili matatu: chungu ni cha nani, kimewekwa nini, kilipasuka kwa nini. Nimesoma maandishi hayo. Yamejaa makosa ya herufi, lakini hakuna mawili yanayofanana, na kwa mara ya kwanza niliona watoto wa umri huo wakimwita mwalimu kumwuliza neno fulani huandikwaje, kwa sababu walikuwa na jambo la kuandika. Nenda darasani wakati wa kunakili sentensi za ubaoni uone kama kuna anayeuliza.

Kamati ya shule ile itakutana mwanzo wa muhula ujao kuamua kama saa za mchana zirudishwe kwenye mazoezi ya mtihani. Nasikia wengi wamekwisha kuamua mioyoni mwao. Ningewaomba kwanza waende Ijumaa moja mchana, wakae nyuma ya darasa, wala wasipangiwe maonyesho ya kazi nzuri. Vyungu vya siku ya kwanza, vile vilivyopasuka, mwalimu ameviweka dirishani, na mtoto yeyote akiulizwa atawaeleza vimepatwa na nini.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne