Dalali wa kiwanja Mtumba: ujira wake na "cha juu"

 

Ndugu Waislamu, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na hasa tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa Mtumba Aprili 2019, familia nyingi zimeelekeza akiba zao kwenye ardhi ya upande ule. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam hana anayemfahamu huko. Mtu wa kwanza kumpokea ni dalali. Je, familia imtumie, au imtafute mwenye ardhi yenyewe?

Udalali wenyewe si haramu. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na wa neno dalili: dalali ni mwenye kuonyesha. Sahaba Qays bin Abi Gharaza (R.A.) amesimulia kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiitwa samasira, yaani madalali, mpaka Mtume (S.A.W.) alipowapa jina zuri zaidi la wafanyabiashara, akawausia kuchanganya biashara yao na sadaka kwa kuwa huingiwa na upuuzi na viapo. Imamu Bukhari naye ametaja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali.

Tatizo letu ni kile kiitwacho "cha juu". Mwenye shamba hutaja bei yake, dalali akaongeza ya kwake kimya kimya, kisha akafanya kila hila wawili hao wasikutane. Wapo wanaojitetea kwa kauli ya Ibn Abbas (R.A.) kwamba hapana ubaya mtu kumwambia mwenziwe amuuzie nguo, na kitakachozidi kiasi fulani kiwe chake. Kauli hiyo ipo, ingawa wanazuoni wengi hawakuikubali kwa sababu ujira wenyewe haujulikani kiasi chake. (Na Ibn Abbas huyo huyo ndiye aliyefasiri katazo la mkazi wa mji kumuuzia mtu wa shamba kuwa ni kumkataza asiwe dalali wake.) Lakini tuchukue hata hiyo kauli ya ruhusa: mwenye nguo ndiye aliyesema, amejua na ameridhia. Mzee wa Mtumba hakuambiwa chochote.

Aliyetumwa kuuza ni wakili, na ziada ni ya aliyemtuma. Urwa al-Bariqi (R.A.) alipewa na Mtume (S.A.W.) dinari moja anunue kondoo. Alinunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Hakuitia mfukoni. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake.

Tena Mtume (S.A.W.) alikataza kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni na kujua bei. Mzee aliyelima uwele na mtama miaka yote, asiyejua majengo ya wizara yameifanyia nini thamani ya shamba lake, ana tofauti gani na msafara huo? Nao uongo wa kwamba "kuna bosi wa wizara kaja asubuhi, kesho analipa" tunaona unafanana mno na najshi, yaani mtu kupandisha bei bila kukusudia kununua, jambo lililokatazwa waziwazi.

Rai yetu ni kwamba dalali atumiwe kwa kazi ya jina lake: aonyeshe. Ujira wake ukubaliwe na uandikwe kabla ya safari ya kwanza, ijulikane nani anaulipa, mwenye ardhi aonekane uso kwa uso, na fedha ziende kwake moja kwa moja kupitia benki. Dalali asiyekubali masharti hayo aachwe.

Kuthibitisha umiliki si kazi yake hata akiapa. Ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kama ilivyo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Anachonunua mtu ni haki, na haki hiyo huthibitishwa kwenye kumbukumbu za ardhi. Dodoma ina jambo la ziada. Wapo wenye karatasi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, shughuli zake zikahamia kwa manispaa ambayo mwaka 2018 ikawa jiji. Karatasi ya namna hiyo ihakikiwe kwanza. Upekuzi kwa Msajili wa Hati huonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki. Kwa shamba lisilopimwa, waulizwe mwenyekiti wa mtaa, majirani wa mipakani na watoto wa muuzaji. Mkewe naye aulizwe: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Wapo wanunuzi wanaoonyeshwa kiwanja na kijana aliyetembea juani kutwa, kisha usiku wakarudi kwa mwenye shamba peke yao ili wasimlipe. Huyo wamemdhulumu.

Na aliyekwisha kulipa fedha za awali kupitia dalali bila kumwona mwenye ardhi, achukue namba ya kiwanja, na Jumatatu afike ofisi ya ardhi kabla hajalipa awamu ya pili.