MAMBO YA NYUMBANI: Zawadi ya Krismasi na Vazi Lake

Kila mwaka siku kuu ya Krismasi inapokaribia, maduka ya Kisiwa cha Mombasa hujaa karatasi za kung'aa zenye picha za nyota na kengele. Mzazi hununua shati la mtoto, kisha hulipa mara ya pili ili shati lile lifichwe. Asubuhi ya siku kuu mtoto huirarua karatasi kabla mtu hajahesabu hadi kumi, nayo huishia jaani. Gharama hiyo huonekana ndogo mpaka zawadi zihesabiwe. Mwenye watoto wanne, wazazi wawili, mama mkwe na jirani mmoja ana zawadi nane za kufunga. Na mshahara wa Desemba, ambao mara nyingi hulipwa mapema, una safari ndefu ya kufikia mwisho wa Januari, mwezi wa karo, sare na madaftari.

Haisemwi kwamba zawadi itolewe uchi. Kuifunga ni heshima kwa anayepewa, na furaha ya kufungua ni sehemu ya zawadi yenyewe. Lakini yafaa ijulikane kwamba karatasi ya mapambo si desturi ya kale. Mwaka 1917, katika mji wa Kansas City huko Marekani, ndugu wa ukoo wa Hall waliishiwa na karatasi nyembamba za kufungia zawadi dukani mwao. Kwa kukosa njia nyingine waliuza karatasi za rangi kutoka Ufaransa, zilizotengenezwa kwa kutiwa ndani ya bahasha. Zilinunuliwa zote, na biashara kubwa ikazaliwa. Basi, hata karatasi ile ya fahari ilianza kwa mtu kutumia alichokuwa nacho.

Watu wa pwani nao wana walicho nacho, na cha kwanza ni leso, ambayo kwingine huitwa kanga. Neno hilo latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono, kwa maana katika karne ya 19 wanawake wa pwani walishona vitambaa sita vya namna hiyo pamoja wakapata vazi moja. Barabara ya Biashara, karibu na Mji wa Kale, imekuwa makao ya leso kwa miaka mingi, na jina la Mali ya Abdulla, la biashara iliyoanzishwa mwaka 1887, lajulikana hata na wasiopata kufika Mombasa.

Leso huuzwa kwa jozi iitwayo doti. Mwenye kumpa mama yake doti hahitaji karatasi hata kidogo: leso moja hukunjwa vizuri pamoja na sukari au majani ya chai, na leso ya pili huwa kifungio. Kazi yenyewe ni nyepesi. Leso ya kufungia hukunjwa mara moja katikati ya urefu wake ili ikaribie kuwa mraba. Kitu huwekwa katikati kwa mshazari. Ncha mbili zinazokabiliana hurudishwa juu yake na kuchomekwa chini. Ncha mbili zilizobaki hukutanishwa juu na kufungwa fundo jepesi. Wajapani hufanya hivyo kwa kitambaa waitacho furoshiki, na mwaka 2006 Waziri wao wa Mazingira, Yuriko Koike, aliwahimiza wananchi kukirudia ili wapunguze taka.

Hapa pana jambo moja la kuangaliwa sana. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu yake. Na jina la leso husema hata pale mtoaji aliponyamaza. Yako majina ya shukrani, ya dua na ya mapenzi, na yako ya mafumbo kwa mke mwenza, kwa jirani mwenye wivu na kwa mkwe mwenye maneno mengi. Kijana anayechagua leso kwa uzuri wa rangi tu, bila kusoma, aweza kumpelekea mama mkwe matusi siku ya Krismasi, na mke wake akakaa mwaka mzima akisuluhisha. Haifai kulipa kabla ya kusoma. Asiyefahamu fumbo na amwulize mama mtu mzima. Muuzaji mwenye haraka hatoshi.

Kwa zawadi za watoto, karatasi ya kaki yatosha. Bamia lililokatwa kwa kukingama hutoa umbo la nyota. Likichovywa katika bizari ya manjano iliyokorogwa na maji kidogo, kisha likagandamizwa juu ya karatasi, huacha nyota ya rangi ya dhahabu. Na bizari na bamia vyote hupatikana katika soko la Marikiti. Karatasi iachwe ikauke kabisa, kwa kuwa bizari mbichi hutia doa nguo. Gundi isitumiwe, uzi wa katani watosha. Ikifunguliwa kwa uangalifu, karatasi ile ile itafunika daftari la shule mwezi wa Januari. Kwa njia hiyo, fedha ambazo zingetumika mara mbili hutumika mara moja, na mtoto huingia darasani na nyota za Krismasi juu ya hesabu zake. Kadhalika kalenda ya ukutani, ambayo kazi yake hukoma mwezi huo huo wa Desemba, ina kurasa nene zenye picha.

Zawadi za chakula zina vyombo vyake. Maembe na nazi hukaa vyema katika pakacha la makuti, na mahamri katika kikapu cha ukindu kilichotandikwa kitambaa safi. Gazeti lisigusane na chakula, maana wino wake si wa kuliwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo imekatazwa nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake si ndogo. Katika Mji wa Kale, ambako majirani wengi ni Waislamu, sahani iliyofunikwa kawa ndiyo kifungio bora kuliko vyote. Sahani ile hairudi tupu, na ifikapo Idi zamu hugeuka. Hakuna karatasi ya dukani iliyopata kujenga ujirani wa namna hiyo.

Huenda mtu akaona haya kupeleka kikapu mahali ambapo wengine wamepeleka maboksi ya kung'aa. Na akumbuke kwamba mama atajifunga ile leso mpaka Krismasi nyingine, na kikapu kitakwenda naye sokoni kila wiki, hali karatasi ya jirani ilikwisha kuchomwa siku ile ile. Wazee walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenye moyo na afunge zawadi yake kwa alichonacho, na karo ya Januari itamkuta angali na kitu mfukoni.