Fremu ya Picha Nayo Yahitaji Ulinzi

Fremu ya kidijitali, inayobadilisha picha yenyewe, sasa ni pambo la sebule nyingi. Hapana ubaya. Lakini yapasa ieleweke kwamba chombo hicho ni kompyuta ndogo.

Mwezi Januari 2008, kampuni ya Best Buy ya Marekani ilithibitisha kuwa idadi ndogo ya fremu za Insignia za inchi 10.4 ziliingiwa na virusi vya kompyuta zilipokuwa zikitengenezwa. Mnunuzi aliyeiunganisha fremu hiyo na kompyuta yake alijiletea adui nyumbani pasipo kujua.

Hatuna budi, basi, kuwa macho. Fremu isiunganishwe na kompyuta isiyo na kinga ya virusi. Nakala za picha zihifadhiwe pengine. Fremu ya intaneti ibadilishwe nywila iliyotoka nayo dukani. Itumie adapta yake yenyewe, nayo ikipata joto kupita kiasi ichomolewe. Kabla ya kuiuza au kuigawa, picha zote zifutwe.

Hata hivyo, mzigo huu si wa mnunuzi peke yake. Virusi vile vilitoka kiwandani. Anayeingiza chombo sokoni sharti akikague kwanza, kwani picha za jamaa zetu ni amana.