Mcheza Kwao Hutuzwa: Neno Juu ya Chemsha Bongo za Vijana Wetu

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya masomo ya vijana. Mambo ya masomo yamekwisha andikwa mengi katika kurasa hizi, kwa hiyo nimechagua tawi moja dogo ambalo limezusha maneno majumbani mwetu. Tawi hilo ni mashindano ya chemsha bongo ya shule za sekondari, ambayo huku huitwa quiz bowl. Wako wazazi wasemao kuwa ni mchezo wa kupotezea wakati. Nazijua nyumba mbili ambazo mwaka uliopita zilimtoa mtoto katika timu ya shule ili siku ya Jumamosi abaki nyumbani kusaidia kazi. Mimi, kwa heshima zote, nasema uamuzi huo si mzuri, na nitaeleza kwa nini. Lakini pia nitataja jambo ambalo mchezo huu hauwezi kumpa mtoto wetu, na ambalo ni juu yetu sisi wazee kumpa.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana wengi huukataa bila ya kuuona. Wanakaa vijana wanne upande huu na wanne upande ule, kila mmoja ana kitufe cha kengele mkononi. Msomaji husoma swali, na anayelijua jibu hubonyeza hata kabla swali halijaisha. Akipata, timu yake huandikiwa pointi 10. Akidakia na kukosea, katika mashindano mengi hukatwa pointi 5, na wenziwe hawaruhusiwi kujibu tena. Upande wa pili husomewa swali mpaka mwisho kwa utulivu. Waliopata hupewa maswali matatu ya nyongeza, na hapo ndipo huruhusiwa kunong'onezana na kushauriana.

Mchezo huu si wa juzi. Ulianza katika redio za Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, ukaingia katika televisheni mwaka 1959, na mwaka 1962 Waingereza wakaanzisha wa kwao, University Challenge. Shule za sekondari nazo zikaufuata, na tangu mwaka 1999 kampuni ya NAQT huandaa mashindano ya shule za nchi nzima kila mwaka. Katika jimbo la Kentucky, shule hushindania Kombe la Gavana tangu miaka ya 1980, na moja ya sehemu zake ni hii ya kujibu kwa haraka. Walioko Columbus wanakijua kipindi cha In The Know cha stesheni ya WOSU. Hata kwetu Afrika umefika. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Celtel ilidhamini shindano la televisheni la vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania, na muulizaji alikuwa John Sibi-Okumu wa Kenya.

Sasa tazameni jinsi swali linavyotungwa, kwa kuwa hapo ndipo penye siri ya mchezo. Swali huanza kwa jambo gumu lijulikanalo na wachache, likashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye jambo lijulikanalo na wengi. Nitatunga moja ili mwone: "Mtu huyu alizifasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, moja ilitoka mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kupata shahada yake mwaka 1952. Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Chama chake kilitoa Azimio la Arusha mwaka 1967. Taja jina la rais huyu wa kwanza wa Tanzania." Kila mmoja wetu angejibu Nyerere mwishoni. Lakini aliyewahi kukishika mkononi kitabu cha Juliasi Kaizari au cha Mabepari wa Venisi angebonyeza kengele kwenye sentensi ya kwanza, wengine wangali wameduwaa. Basi mchezo huu haumtuzi aliyekariri orodha tu. Humtuza aliyesoma mpaka ndani.

Sisi tuliopitia chuoni na kisha sekondari hatuna haki ya kuudharau. Chuoni tulihifadhi kwa moyo, na asiyejua aya inayofuata alinyamaza mbele ya wenziwe. Usiku nyumbani bibi akasema "Kitendawili!", nasi tukajibu "Tega!" Tukishindwa, tulidaiwa mji: "Nipe mji." Ukautoa mji wako, na yeye akatamba nao kabla ya kukufungulia fumbo. Jamani, pana tofauti gani kati ya mji ule na hizi pointi 5? Ni malezi yale yale ya kumfunza mtoto kufikiri kabla ya kusema na kuvumilia aibu ndogo ya kukosea.

Nitatoa mfano wa binti mmoja wa jamaa zetu wa Columbus, ambaye mwendo wake katika mchezo huu nimeufuatilia miaka yote minne. Jina silitaji, kwa kuwa ndivyo alivyoniomba. Alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wazazi wake wakiwa wametoka Kongo, akaja Marekani ana miaka tisa. Alipoingia darasa la tisa mwalimu alimtia katika timu, na msimu mzima alijibu maswali ya kuhesabika. Si kwamba alikuwa hajui. Aliniambia, "Mwalimu, jibu ninalo, lakini naogopa watanicheka ninavyolitamka." Baadaye akajua kuwa kanuni hazimkatai mtu kwa lafudhi yake, na kwamba jina likitamkwa kwa namna inayoeleweka jibu hukubaliwa. Siku aliyolijua hilo, mkono wake ulipata wepesi.

Nawaomba wazazi walitie jambo hili akilini. Watoto wetu wengi ni wakalimani wetu tangu wadogo. Hospitalini wanasema kwa niaba ya mama, benki wanasema kwa niaba ya baba, na barua za mwenye nyumba wao ndio wasomaji. Wamezoea kuyabeba maneno ya watu wengine. Katika meza ile ya chemsha bongo binti huyu alisema maneno yake mwenyewe, na tena aliruhusiwa kumkatiza mtu mzima anayesoma swali! Hiyo si adabu mbaya, maana ndiyo kanuni ya mahali pale. Mtoto anayejua lini anyamaze mbele ya wakubwa na lini aseme bila ya kuogopa, huyo amefundwa mara mbili.

Mwaka wa tatu yakaja mashaka. Baba anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mama ana wadogo watatu, na mashindano huanza Jumamosi asubuhi mpaka jioni. Jamaa wakakaa kikao. Wengi walitaka atoke katika timu, na mmoja akasema waziwazi kuwa mtoto wa kike hana haja na michezo ya kengele. Nyanya yake ndiye aliyeamua. Alisema Jumamosi mbili za mwezi ni za binti, na mbili ni za nyumba. Na katika zile mbili za binti, yeye nyanya atakaa na wadogo. Nimewaona mahakimu wakikata shauri vibaya zaidi kuliko hivyo. Mwaka wa nne binti akawa nahodha wa timu. Kikombe cha kwanza hawakukipata, na siku waliyotolewa alilia katika basi njia nzima. Leo yuko chuoni anasomea uuguzi, na haogopi kumwuliza daktari swali.

Wako wenye hoja, nami siwezi kuzipita. Wanasema haraka haraka haina baraka, na kwamba elimu ya kudakia si elimu. Ni kweli kwamba kujua jina la kitu si kukijua kitu chenyewe. Kijana anaweza kutaja mwaka wa vita na asijue vita vilimfanya nini babu yake. Hata hivyo, jina ni mlango. Asiyejua kuwa mlango upo hawezi kuubisha. Wengine huuliza, kuna faida gani ya fedha? Mzazi asidanganywe: hapa hakuna ufadhili wa chuo kama ule wa mpira wa kikapu. Atakayemsukuma mtoto katika chemsha bongo kwa tamaa ya hundi atavunjika moyo, na atamvunja mtoto pia. Vile vile tusiwageuze watoto kuwa mapambo ya kujivunia arusini. Mtoto aulizwe amejifunza nini, kisha ndipo aulizwe kama ameshinda.

Sasa nafika kwenye lile ambalo mchezo hauwezi kumpa. Mwaka wake wa pili, binti yule alisomewa swali juu ya mji ulioko kwenye Ziwa Tanganyika, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Yeye hakubonyeza. Aliyejibu "Ujiji" ni mvulana wa shule nyingine, mzaliwa wa Ohio. Na Ujiji iko katika mkoa ule ule wa Kigoma alikozaliwa binti huyu! Aliporudi nyumbani alimwuliza baba yake, "Mbona hamkuniambia?" Baba akakosa la kusema. Sikusudii kumlaumu, mtu aliyekaa kambini miaka mingi ana mambo mengi ambayo hapendi kuyasimulia. Lakini swali lile la mtoto linatuhusu sote. Watunga maswali wa Marekani watauliza zaidi ya kwao, na hiyo ni haki yao. Ya kwetu ataulizwa nani, kama si sisi? Na katika swali lile Ujiji ilikuwa kituo cha Wazungu wawili kukutana tu. Ni nani atakayemweleza mtoto kuwa mji ule ulikuwa na watu wake, wavuvi wake na wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu kabla Stanley hajafika?

Tena hatuna haja ya kuchagua kati ya huku na kule, kwa kuwa miji yetu hii mitatu ina nyuzi zinazofika kwetu. Muhammad Ali alizaliwa Louisville mwaka 1942, na ubingwa wake aliurudisha Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, kwa kumpiga George Foreman. Wako wazee wetu wa Kongo wanaoukumbuka usiku ule. Buffalo ndiko Rais McKinley alikopigwa risasi mwaka 1901, na huko huko Theodore Roosevelt akaapishwa. Ni Roosevelt yule yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kwenda kuwinda. Columbus ndiko alikosoma Jesse Owens, aliyepata medali nne za dhahabu Berlin mwaka 1936. Mtoto akishajua mbio za Owens, mwambieni habari za Filbert Bayi wa Tanzania, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Mtoto mwenye nyuzi kama hizi hatajiona kuwa ni mgeni pande zote mbili.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza, mzazi asimtoe mtoto katika timu kabla ya kukaa na mwalimu wake na kupatana juu ya siku, kama alivyofanya nyanya yule. La pili, kila mzazi aende walau mara moja akakae nyuma ya chumba asikilize. Hata asipoelewa Kiingereza chote, mtoto atamwona, na hilo litamtosha.

La tatu ni letu sote. Kutoka Louisville hadi Columbus ni mwendo wa saa tatu na nusu, na kutoka Columbus hadi Buffalo kama saa tano, na bado kila mwaka tunakutana, tunakula pilau na kupiga picha. Safari hii tuwe na chemsha bongo yetu kwa Kiswahili. Kila nyumba ilete maswali kumi yaliyotungwa kwa ngazi, kuanzia gumu kwenda jepesi: ya Kilwa na ya Bukavu, ya Bujumbura na ya Lamu, ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ya Wangari Maathai aliyeipata ya amani mwaka 2004, ya majina ya samaki, ya dawa za miti na ya nasaba zetu. Vijana watuulize sisi, nasi tuwaulize wao. Atakayeshindwa atoe mji.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Watoto wetu wanacheza ugenini kila Jumamosi, na wanacheza vizuri. Yatupasa kuwatengenezea kwao pa kutuzwa. Maswali yenu yaleteni mapema. Mimi nitayasoma, na kengele nitaitafuta.