Hiyo chai ya kupunguza mwili ina nini ndani?

Mwandishi, kwenye makala yako umepita haraka mno juu ya hizi “dawa za asili” za kupunguza mwili. Mdogo wangu alinunua chai ya kupunguza mwili kwenye duka la vipodozi. Siku ya nne moyo ukamwenda mbio, mdomo mkavu, usingizi hakuna. Sibutramini, dawa ya kupunguza mwili, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, lakini bado hukutwa imefichwa kwenye bidhaa za namna hii. Orlistati ya miligramu 60, dawa nyingine ya kupunguza mwili ambayo Marekani huuzwa bila cheti cha daktari, angalau imeandikwa kipimo. Ile pakiti ya chai ninayo hadi leo: hakuna kipimo, hakuna jina la kiwanda, ni picha ya kiuno tu.