Takwimu za afya zirudi kijijini zilikotoka

Katika orodha ndefu ya fomu na madaftari ya Wizara ya Afya nchini mwetu, mna kifaa kimoja ambacho si karatasi. Nambari yake ni MOH 516, nacho ni ubao wa chaki. Ni chombo cha mpango wa afya ya jamii ulioanzishwa mwaka wa 2006, na kimekusudiwa kutundikwa mahali pa wazi ili wanakijiji wajisomee hali yao wenyewe: akina mama wangapi wamejifungulia hospitalini, watoto wangapi wamekamilisha chanjo, kaya ngapi zina vyoo.

Majuzi nilifika katika zahanati moja ya mashambani. Ubao huo niliukuta umegeuzwa uso ukutani, haujaandikwa kitu. Nilimwuliza muuguzi ni watoto wangapi wa vijiji vile waliokosa dozi ya pili ya chanjo ya ukambi, ile inayotolewa mtoto afikishapo miezi 18. Alinionyesha madaftari, akanionyesha na rununu, kisha akanijibu: "Takwimu tulishazituma, mwalimu." Zilitumwa wapi? Juu. Zikarudi na neno gani? Alicheka tu.

Sisi ambao kazi yetu ni kuchambua lugha huweza kuona mengi katika kitenzi kimoja. Mtu akitumwa hutarajiwa kurudi na jibu. La sivyo jamaa zake huanza kumtafuta. Takwimu zetu za afya ni mjumbe anayetumwa kila mwezi asirudi, na hakuna anayemwulizia. Hilo ndilo tatizo ninalotaka tulitafakari leo.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na tarakilishi. Mwaka wa 2011 Kenya ilieneza kote nchini programu ya DHIS2, ambayo asili yake ni Afrika Kusini baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, na ikaendelezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Tulikuwa miongoni mwa mataifa ya kwanza barani kuitumia mtandaoni nchi nzima. Mnamo Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, waliotengewa mikoba ya vifaa na rununu, kila mmoja akikadiriwa kuzihudumia kaya 100 hivi. Mwezi uliofuata sheria ya afya ya kidijitali ilitiwa saini. Hizi ni hatua za kusifiwa.

Hata hivyo, kifaa ni kimoja na uwezo ni kingine. Katika zahanati nyingi, muuguzi yule yule anayetibu ndiye anayezalisha, anayetoa dawa na anayechanja. Mwisho wa mwezi ukifika, yeye huketi na kuhesabu mistari ya madaftari kwa kidole ili ajaze muhtasari, huku wagonjwa wakimsubiri nje. Takwimu ambazo hazimrudii huwa kwake kama kodi: hulipa kwa sababu amedaiwa, wala hajui imejenga nini. Na kodi ya namna hiyo hulipwa kwa kukisia. Kosa linalozaliwa mezani pake halirekebishwi na tarakilishi ya Nairobi. Husafirishwa tu kwa kasi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa mitambo hulisahau, nalo ni lugha. Madaftari yetu yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali magonjwa husimuliwa kwa lugha za nyumbani. Mama akisema mtoto ana homa, neno hilo kwa Kiswahili laweza kuwa joto la mwili, mafua au malaria. Akisema mtoto ameshikwa na degedege, huenda wazee wakamshauri ampeleke kwa mganga, kwa kuwa wengi wameamini kuwa hayo ni mambo ya mapepo. Mhudumu anayeijua lugha hiyo hutambua mara moja kwamba mtoto anapatwa na mtukutiko, labda kwa malaria kali, na kwamba kila dakika ni ya thamani. Hakuna kisanduku cha kutia alama kiwezacho kuichukua nafasi ya ujuzi huo. Mfasiri huyu ndiye mtambo wetu wa kwanza. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa yamesikika mara kwa mara.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi mitambo yetu ya afya ilikuja na wageni, hasa katika vita dhidi ya UKIMWI. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwezi Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Miongoni mwa waliopoteza kazi walikuwa makarani walioingiza kumbukumbu za wagonjwa katika tarakilishi. Tarakilishi zilibaki mezani. Mikono iliyozitumia ikaondoka. Mgeni alikuwa amekuja kweli, lakini mwenyeji hakuwa amepona.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilizikabidhi kaunti vituo vya afya na huduma za afya ya msingi, na tangu mwaka wa 2013 serikali 47 zinabeba jukumu hilo. Nia ilikuwa kuusogeza uamuzi karibu na mgonjwa. Lakini anayeamua bila habari hukisia tu. Tumegatua zahanati, habari zake bado zinapanda mlima bila kuteremka. Diwani anayepitisha bajeti ya dawa aijua idadi ya wapiga kura wa wadi yake kwa kichwa, ila hana habari ni watoto wangapi wa wadi hiyo hiyo walioharisha mwezi uliopita.

Ninayoyapendekeza hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kwanza, kila takwimu inayopanda kutoka zahanati irudi kabla ya mwezi mwingine kwisha, ikiwa imefafanuliwa kwa lugha inayosomeka pale. Pili, kila kaunti iajiri maafisa wa kumbukumbu za afya kwa bajeti yake yenyewe, kwa masharti ya kudumu, ili muuguzi arudi kwa wagonjwa wake. Tatu, posho ya wahudumu wa jamii ilipwe kwa wakati. Nne, kamati za zahanati zianze kila mkutano kwa kusoma takwimu hizo, kabla ya kujadili rangi ya lango.

Kipimo cha mafanikio yetu kisiwe idadi ya rununu zilizogawiwa. Kiwe hiki: mzazi asiye na rununu, akipita mbele ya zahanati yake, aweze kusoma ubaoni kwamba watoto kadhaa wa kijiji hicho hawajapata dozi ya pili ya ukambi, naye akumbuke kuwa wa kwake ni mmojawapo, aingie. Ubao huo upo tayari. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuugeuza uso na kuandika.