Paka Mwenye Kisukari na Figo Dhaifu: Ale Nini?

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, anafuga paka dume mwenye umri wa miaka 13. Mwaka jana paka huyo alianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara na kukonda ilhali anakula vizuri. Daktari wa mifugo alimpima damu na mkojo, akagundua ugonjwa wa kisukari. Miezi michache baadaye akagundua kwamba na figo zake zimeanza kushindwa kazi. Ndipo mwalimu aliponijia na swali jepesi kulitamka, gumu kulijibu: "Bwana, huyu sasa nimlishe nini?"

Washauri hawakumkosa. Mmoja alimwambia aondoe nyama kwa ajili ya figo. Wa pili aondoe wanga kwa ajili ya sukari. Wa tatu ampe paka uji wa mchele ili tumbo lipumzike. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni moja: wote walimfikiria paka kama binadamu mdogo mwenye mkia.

Paka ni mla nyama halisi. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake lina upungufu mkubwa wa glukokinesi, kimeng'enya ambacho huliwezesha ini la mbwa au la mtu kuishughulikia haraka glukosi nyingi inayoingia kwa mpigo mmoja. Badala yake, ini la paka huunda glukosi kutokana na protini usiku na mchana, awe ameshiba au ana njaa. Tena hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka aliyekosa taurini huharibika retina ya jicho, na mwaka 1987 ikathibitika huko Marekani, kwa kazi ya Paul Pion na wenzake, kwamba upungufu huo hudhoofisha pia misuli ya moyo. Kwa hiyo kumwondolea paka nyama si tiba. Ni kumwongezea ugonjwa wa tatu.

Kisukari cha paka aghalabu hufanana na kile cha aina ya pili kwa binadamu. Wanga ukipunguzwa na insulini ikitolewa mapema, baadhi ya paka hupata nafuu kubwa hata sindano zikasimamishwa. Hapo protini nyingi si tatizo. Lakini figo zina madai yao. Nefroni ikifa hairudi, na figo zilizopungukiwa nefroni hushindwa kuitoa fosforasi, nayo ikirundikana katika damu huharakisha kuharibika kwa zile zilizosalia. Ndiyo sababu vyakula vilivyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo hupunguzwa fosforasi na protini, na pengo la nishati hujazwa kwa mafuta na, mara nyingi, kwa wanga. Mgogoro upo hapo hasa: nishati ya chakula hutoka katika vitu vitatu tu, protini, mafuta na wanga, ukibana viwili, cha tatu hakina budi kupanda.

Msimamo wangu ni huu. Kama figo zimeharibika sana, mahitaji ya figo yatangulie, kwa sababu sukari inayopanda kidogo huweza kufuatwa kwa kurekebisha kipimo cha insulini, ilhali hakuna sindano inayofufua nefroni. Kama figo zingali katika hatua za mwanzo, hapana haja ya kuibana protini. Inatosha kutafuta chakula chenye wanga kidogo na fosforasi ya wastani. Kinachopaswa kubanwa kwanza ni fosforasi.

Tazama basi sahani ya paka wetu wengi: ugali na dagaa. Ugali ni wanga karibu mtupu. Dagaa hawana wanga, lakini huliwa na mifupa yao, na mfupa ni ghala la kalsiamu na fosforasi. Sahani hiyo moja huikosea insulini kwa upande mmoja na figo kwa upande wa pili. Nyama isiyo na mfupa, ikichemshwa na maji yake kumwagwa, hupungua fosforasi. Bahati mbaya taurini nayo huondoka na maji hayo hayo, na kalsiamu haimo. Chakula cha kupika nyumbani chahitaji hesabu ya mtaalamu.

Kwa chakula cha dukani, mwanafunzi anaweza kuifanya hesabu mwenyewe. Na tuchukue mfano wa chakula kikavu chenye, katika gramu 100, protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 7 na maji 8. Jumla ni 62. Gramu 38 zilizobaki ni wanga, hata kama neno hilo halionekani popote kwenye mfuko. Cha kopo kina protini 10, mafuta 6, nyuzinyuzi 1, majivu 2 na maji 78. Wanga ni gramu 3 tu. Ukiondoa maji, protini ya kikavu ni asilimia 35 na ya kopo asilimia 45, kinyume cha ilivyodhaniwa. Kisha hesabu kilokalori 3.5 kwa kila gramu ya protini au ya wanga na 8.5 kwa gramu ya mafuta: wanga hutoa asilimia 38 ya nishati ya kikavu, na asilimia 11 ya nishati ya kopo. Fosforasi mara nyingi haiandikwi. Lazima mtengenezaji aulizwe.

Hatari moja haisemwi vya kutosha. Paka aliyezoea wanga, akibadilishiwa chakula ghafla huku insulini ikibaki ile ile, sukari yake huweza kushuka mno: atayumba, atapata degedege, na huenda akafa. Mabadiliko yafanywe chini ya uangalizi wa daktari. Wala asilazimishwe kwa njaa, maana paka asiyekula kwa siku kadhaa hujaa mafuta katika ini.

Paka wa jirani yangu alionekana kuwa katika hatua ya pili kati ya nne za ugonjwa wa figo. Daktari alichagua cha kopo chenye wanga kidogo, akapunguza insulini, akaongeza dawa ya kunasa fosforasi ndani ya chakula. Siku ya kwanza paka alikinusa akaondoka zake. Ikabidi kichanganywe kidogo kidogo kwa majuma mawili. Sasa mwalimu hupima maji ya bakuli kila asubuhi kwa silinda ya mililita, na kila Jumamosi humpima paka uzito ndani ya kikapu. Daftari lake lina safu nne: maji, chakula, uzito, insulini. Daktari huliomba hilo kwanza, kabla hajamgusa paka.